Kuanzia Jumamosi Nafua Mwenyewe

Thamesmead, Alhamisi, baada ya alasiri

Raya mwanangu,

Salamu tutapeana kwa mdomo ukirudi kutoka Lewisham, kwa hivyo hapa naziruka. Mwalimu wetu wa insha pale skuli alikuwa akituambia tuanze na jambo lenyewe, tusizunguke, na jambo lenyewe ni hili: leo asubuhi, umesimama mlangoni mwa jikoni na kikombe cha chai mkononi, uliniambia bado hujaamua kama utapanda treni kesho. Ulisema utanitizama kwanza nimeamkaje, na mkono wangu ukoje, ndipo uamue. Ulilisema kwa Kiingereza, haraka haraka, kama mtu anayesema atapitia dukani. Kisha ukavaa koti, ukaenda kuwaaga wenzako.

Sikukujibu. Maneno nilikuwa nayo lakini yalikuja yote kwa pamoja. Sasa nimekaa kwenye meza ya jikoni, nayaandika moja moja, na nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu katika Kiingereza mimi huwa mtu mdogo kuliko nilivyo. Najua utaisoma kwa sauti, polepole, kidole kikifuata mstari kama nilivyokufundisha. Ni vizuri. Sitaki uisome haraka.

Sitakuandikia habari za kula, wala za soksi nzito, wala za kutotembea peke yako usiku. Hayo nimeshayasema mpaka umechoka, na mengine unayajua kuliko mimi.

Nyumba iko kimya. Chumbani kwako kuna sanduku lililofungwa, na ukutani kuna alama za picha ulizobandua. Nimeingia humo, nikatoka, nikaingia tena, na sikuwa na cha kufanya. Nje bata bukini wa ziwani wanapiga kelele, wale ambao miaka yote nimekuwa nikiwalaani. Leo nimefungua dirisha niwasikie.

Najua kinachokuzuia. Tangu nilipoteleza kule wodini nikavunjika mkono wa kulia, wewe ndiye umekuwa mkono wangu. Plasta imetolewa, lakini nikishika kitambaa kukikamua vidole vinaachia vyenyewe. Na Jumamosi narudi kazini. Kila shifti inataka gauni safi, na mfuaji wa magauni yangu katika nyumba hii ni wewe. Umefanya hesabu yako, ukaona mama hawezi, basi wewe usiende chuoni Newcastle. Utafute chuo cha karibu mwakani. Hesabu nzuri, ya mtoto mwema. Nataka kukuonyesha ilipokosewa, na nitaanza na kosa langu mimi.

Ulikuwa bado skuli ya msingi. Babaako alikuwa ameshahamia Maskati na simu zake zimeanza kuwa chache, nami nikahamia shifti za usiku kwa sababu zililipa zaidi. Kazi ya msaidizi wa manesi unaijua, umeisikia tangu utotoni: kuwageuza wagonjwa, kuwaosha, kuwabadilishia mashuka. Gauni likirudi nyumbani limebeba kila kitu, damu, mkojo, matapishi. Hospitali haifui magauni yetu. Inatupa, na inatuambia tukayafue nyumbani kwa maji ya moto, mbali na nguo nyingine.

Juu ya sheria ya hospitali mimi niliongeza ya kwangu. Nililelewa kwamba najisi haiondoki kwa sabuni peke yake. Inaondoka kwa maji, na maji yawe mapya, yamwagwe mara tatu. Mashine nilikuwa nayo lakini sikuiamini. Niliiona inazungusha nguo ndani ya maji yale yale, kama mtu anayejiosha katika beseni moja kuanzia uso mpaka miguu. Kwa hivyo gauni lilifuliwa kwanza kwa mkono ndani ya bafu, likasuuzwa kwa kopo maji matatu, na baada ya hapo likaingia mashine kwa ajili ya ile sheria ya hospitali. Kazi moja tukaifanya mbili, na mimi nikaona huo ndio usafi.

Siku moja ya likizo niliamka adhuhuri, nikalikuta gauni langu limetundikwa juu ya rediata ya kupashia chumba joto, linadondosha maji kwenye zulia. Wewe ulikuwa umekaa karibu yake, mikono imekunjamana, nywele zimelowa.

"Nimefua, Mama," ulisema. Ulisema kwa Kiswahili.

Mzazi mwingine angemkumbatia mwanawe. Mimi nilishika mkono wa gauni, nikaunusa, nikakuuliza, "Umesuuza maji mangapi?"

"Matatu."

"Una hakika?"

Ulinitizama. "Sina hakika."

"Basi rudi."

Ukarudi. Nami nikarudi kitandani, nikalisikia kopo likigonga ukingo wa bafu, na nikalala vizuri. Hilo ndilo linaloniuma leo. Kukurudisha si kitu, watoto hurudishwa. Linaloniuma ni kwamba nililala vizuri.

Baada ya siku ile hatukulizungumza tena. Kazi ikawa yako kama vile ulizaliwa nayo. Yule rafiki yako wa Barking alipofanya sherehe ya kuzaliwa kwake, ulikuwa umeshavaa, umeshafunga zawadi, na mimi nikagundua gauni langu la kazi limechanganywa kapuni na kanga zangu za kusalia. Nilikwambia ufue upya vyote. Ulivua ile blauzi yako mpya, ukaingia bafuni. Ulipompigia mwenzako simu ulimwambia unaumwa na tumbo. Hukumwambia kuwa ni mama. Nilikusikia nikiwa ukumbini, na badala ya kuona haya nilifurahi kwamba nimelea mtoto mwenye kunisitiri.

Sasa nikueleze habari ya kodi, maana kwayo ndiyo nimefika kwenye barua hii.

Mama Neema unamjua, lakini humjui alivyokuwa tulipoanza kazi pamoja. Alikuwa ametoka Tanga mwaka uliotangulia, anaimba kwaya, na kimya kilikuwa kinamuwasha. Tulikuwa kwenye basi la kurudi, tumechoka, akaniuliza kwa sauti ya kanisani:

"Mama Raya, wewe unadai ile pesa ya kufulia?"

"Pesa gani?"

"Ya kodi, mwanamke! Ukifua sare nyumbani wanakupunguzia kodi kidogo. Unawaandikia kazi yako na kwamba hospitali haikufulii, basi. Na ya miaka kadhaa ya nyuma wanakurudishia."

"Mimi sitaki cha serikali."

"Si cha serikali, ni chako! Si wewe waliyekukata?"

"Nikiandika, wataanza kunitizama."

Alicheka mpaka watu wa mbele wakageuka. "Wakutizame wewe? Na hilo koti lako? Jamani, Mama Raya, ungekuwa kuku ungeomba ruhusa ya kutaga."

Nilicheka na mimi, lakini sikuandika. Nilizaliwa Unguja baada ya Mapinduzi, katika nyumba ambayo watu walizungumza polepole hata mchana. Babu yako alikuwa karani bandarini kabla yake, na akabaki karani baada yake, na aliamini kwamba kilichomsalimisha ni kuwa hapakuwa na mtu aliyemkumbuka. "Usijitaje," alikuwa akituambia, hata tukitumwa kupanga foleni ya mchele. Ukiulizwa, jibu, usipoulizwa, pita. Baba hakuwa mwoga. Alikuwa na sababu zake, na kwa mahali pale na wakati ule zilikuwa sababu za kweli. Mimi nilizifungasha nikaja nazo Thamesmead, nikazitumia hapa miaka yote bila kutizama kama bado zinanienea.

Wewe ulizaliwa hapa, hukufungashiwa. Wakati unasomea mitihani yako ya skuli uliiona habari ile kwenye kompyuta, ukaniita mezani, hapa hapa nilipokaa. Ulikuwa ukinisomea maswali kama daktari.

"Hospitali inakufulia?"

"Haifui."

"Unafua nyumbani?"

"Tunafua."

"Mama, inauliza wewe."

Kisha ukacheka, kicheko kifupi, ukasema, "Haya, tuseme wewe."

"Andika unavyojua," nikasema, nikainuka kwenda kutizama sufuria ambayo haikuwa na haja ya kutizamwa.

Ukaandika. Kodi yangu ikapungua kidogo, na ya nyuma wakanirudishia. Mama Neema alipiga vigelegele kwenye chumba cha kupumzikia. Lakini mimi kila nikipokea karatasi ya mshahara nilikuwa najua kwamba mahali fulani serikalini imeandikwa kuwa Zuhura anafua nguo zake, na Zuhura hajashika gauni lenye maji tangu mwanawe awe mrefu wa kufikia bomba.

Jumanne hii, ulipokwenda Woolwich kununua sanduku, niliipigia simu ofisi ya kodi. Mimi mwenyewe.

Utashangaa, na una haki. Simu zote za nyumba hii umepiga wewe, za gesi, za nyumba, za daktari, tangu sauti yako ikiwa nyembamba hata watu wakawa wanauliza kama kuna mtu mzima karibu. Mtu mzima alikuwepo. Alikuwa amekaa pembeni yako, anakunong'oneza. Hilo nalo nilihesabu kuwa ni malezi.

Basi niliandika kwanza nitakayosema, kama insha, mwanzo, kati na mwisho. Nikasubiri huku wananipigia muziki. Muziki ulirudi mwanzo mpaka nikaujua. Mwisho akapokea kijana mwenye lafudhi ya kaskazini, ya huko huko unakokwenda. Aliniuliza jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, namba yangu ya bima. Nikajitaja kwa yote, Raya. Nilipomaliza nilikuwa natoka jasho kama niliyepanda ngazi, na hakuna kilichotokea. Yule kijana alisema tu, "Nikusaidie nini, mama?"

Tulizungumza kwa Kiingereza. Nakuandikia kwa lugha yetu.

"Nataka kusahihisha," nilisema. "Kwenye maombi yangu imeandikwa kuwa sare nafua mimi. Si kweli. Anafua binti yangu."

Akauliza, "Binti yako ana duka la dobi?"

"Hana. Ana bafu."

"Bafu?"

"La nyumbani. Anafua kwa mkono, kisha anatia mashine."

"Unamlipa?"

"Simlipi. Ni mwanangu."

"Sabuni ananunua nani?"

"Mimi."

"Maji na umeme?"

"Mimi."

"Basi hapana kosa, mama. Sisi tunatizama gharama ni ya nani, na kama mwajiri hakufulii. Nani anashika nguo si shauri letu."

"Lakini si mimi niliyefua."

"Nimekuelewa."

"Amefua tangu ni mtoto mdogo."

Nikawasikia wenzake wakizungumza nyuma yake, kila mmoja na mtu wake. "Mimi mama yangu alinifulia jezi zangu za mpira mpaka naoa," akasema. "Sijawahi kumwambia kitu."

"Bado yupo?"

"Yupo."

"Mpigie."

Alicheka. "Nitampigia. Sasa, mama, unataka nibadilishe nini hasa?"

Insha yangu haikuwa na sehemu hiyo. Nikamwambia kwamba binti yangu anaondoka Ijumaa kwenda kusomea unesi, na kwamba kuanzia Jumamosi nafua mwenyewe.

"Basi kwenye kumbukumbu zetu hakuna kinachobadilika," alisema, kwa upole.

"Kwenu hakuna," nikasema. Nikamshukuru, nikakata.

Kisha nikakaa. Nilikuwa nimefanya jambo ambalo sijapata kulifanya, na nikageuka kumhadithia mtu, na mtu wa kumhadithia ni wewe, na wewe ulikuwa Woolwich unanunua sanduku. Nikaona hivi ndivyo itakavyokuwa. Nitafanya kitu, kidogo au kikubwa, nitageuka, na jikoni hapatakuwa na mtu.

Nilitaka kukwambia uliporudi. Lakini ulirudi umebeba sanduku hilo kwa namna ya kunificha, kama umeiba, nikaona nisikuongezee.

Jana niliendelea. Kwa kuwa ulimi ulikuwa umeshafunguka, nilimpigia Ustadhi Maryam, yule anayewasomesha watoto msikitini, nikamweleza habari ya mkono. Nilimuuliza kama dini inaniruhusu kupunguza yale maji matatu, maana kopo siliwezi na kukamua siwezi.

"Kwani mashine huna, Bi Zuhura?"

"Ninayo."

"Ikishafua, yale maji inayamwaga?"

"Inayamwaga."

"Inaingiza mapya?"

Raya, sikuwa najua.

"Hebu kakae mbele yake uitizame," alisema, "kisha unipigie."

Nilitia gauni moja peke yake, nikavuta kigoda, nikakaa mbele ya ile mashine kama watu wanavyokaa mbele ya televisheni. Ikafua. Ikamwaga, nikasikia maji yanakwenda. Ikavuta mapya, meupe, nikayaona yanapanda kwenye kioo. Ikazungusha, ikamwaga, ikavuta tena mapya. Ilipofika mara ya tatu nilikuwa nimeshika magoti yangu.

Nikampigia. Ustadhi Maryam akasema, "Maji safi yameingia na yametoka, damu haipo, harufu haipo. Unataka nini tena?"

"Na kufua kwanza kwa mkono?"

"Mkono wa nini?"

Mashine hiyo tulikuwa nayo kabla hujashika gauni la kwanza. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Miaka yote uliyoinama kwenye lile bafu, magoti yako kwenye vigae, mikono yako inanuka dawa za wodini mpaka watoto wa darasani wakakuuliza kama mama yako ni mgonjwa, ingemalizwa kwa swali moja. Dini haikukuinamisha, wala hospitali. Ni mimi. Niliona kuuliza ni kujitaja, na kujitaja ni hatari, basi nikakaa kimya nikakuacha wewe ulipe kimya changu kwa mgongo wako.

Kwa hivyo ukishaajiriwa, ukafua sare yako nyumbani, dai kodi yako mwaka ule ule, usingoje mtu akucheke kwenye basi. Na si kodi peke yake. Ukiwa hujui, uliza. Ukiwa umechoka, sema umechoka. Watu wa kazini watakuachia kila mzigo unaounyamazia, hata wakiwa watu wema, hata wakikupenda. Mimi nilikupenda, na tizama nilivyokuachia.

Umeona basi kwamba hesabu yako imekosea. Mama anaweza. Nimefua magauni yote, yamekauka, yamo kabatini, kafungue utizame. Kukamua kunafanywa na mashine. Simu napiga. Barua za ofisi Mama Neema amesema atanisaidia kuzisoma, kwa sharti nimpikie biriani, na amekwishaanza kuniuliza ni lini.

Nadhani ningeweza kuishia hapa. Lakini bado hujasadiki, nakujua. Utasema: mkono sawa, lakini wewe mwenyewe je? Kwa hivyo nikupe na hili, ambalo sijapata kukwambia.

Nilipomaliza skuli mwalimu wangu alitaka kulipeleka jina langu chuo cha ualimu. Nilikuwa na mwandiko mzuri, na nilikuwa mwanafunzi wa kukaa mbele, wa kuamini kwamba ukifanya vizuri mtu atakuona. Kilichobaki ni niende tu mwenyewe ofisi ya elimu nikajiandikishe. Wakati huo bibi yako alikuwa anaumwa miguu, hawezi kuinuka, na wadogo zangu walikuwa wadogo kweli. Siku zote nimewaacha watu wadhani kwamba baba alinizuia. Hakunizuia. Yule yule aliyetukataza kujitaja, siku ile aliniambia, "Amua mwenyewe, mwanangu. Ukitaka kwenda, nitakusindikiza mpaka mlangoni mwa ofisi."

Nilibaki. Na walinishukuru, Raya. Hilo ndilo nataka ulijue. Mama alinishukuru kila nilipomletea maji ya kutawadhia. Baba alinishukuru kwa chai. Majirani walinisifu dirishani, wakawaambia binti zao wanitizame mimi. Kila asante ilikuwa kama mtu anayenivutia kiti, kaa, kaa kidogo tena, na mimi nilikaa, kwa sababu ni vigumu kuinuka mbele ya watu wanaokushukuru. Wangenilazimisha ningegombana nao, nikaondoka kwa hasira, nikawa mwalimu.

Kisha mama alipona. Hilo sikuwa nimelitegemea. Alipona vizuri, akawa anakwenda sokoni mwenyewe na kurudi na vicheko vyake, na mimi nikawa nimekaa nyumbani na asante zangu, chuo kimeshaanza, jina langu halipo. Hakuna aliyekuwa na kosa. Hata wa kumkasirikia sikupata.

Simlaumu yeyote. Maisha yalikwenda njia yake, nikaolewa, nikaja London, nikakupata wewe, na wewe sikubadilishi na chuo chochote. Lakini yule msichana wa kukaa mbele bado yumo humu ndani. Alinyanyuka kidogo Jumanne nilipotaja jina langu kwenye simu. Anakutizama wewe na sanduku lako, na sitamwambia mara ya pili kwamba tusubiri.

Kesho asubuhi utatoka chumbani, utanitizama. Nakwambia mapema utakachokiona, usije ukashtuka: macho yatakuwa mekundu, kwa sababu nitakuwa nimelia, na mkono utamwaga chai kidogo. Usinipime kama mgonjwa. Huo si ugonjwa. Ni mama anayemuaga mwanawe, na hakuna shifti wala dawa inayohusika.

Kwa kila gauni ulilolifua, asante. Kwa sherehe uliyoikosa, kwa simu ulizopiga na sauti yako ya kitoto, kwa siku zote nilizolala na wewe ukawa macho, asante. Zilikuwa zako tangu zamani na nilizikalia. Nimeziandika hapa ili uondoke nazo.

Lakini ukibaki, kwa hilo sitakushukuru. Nimeshaamua. Ukinipikia nitakula nikiwa nimenuna, ukinifulia nitafua tena, na ukiniuliza nina nini nitakwambia ulikuwa na treni. Hutapata asante hata moja ya kukalia.

Nitakuwa mpweke, mwanangu, sikufichi. Nitarudi kutoka kazini, nitafungua mlango, na nitasikia friji. Nitakupigia simu na utakuwa darasani. Itakuwa hivyo kwa muda ambao siujui, na nitauzoea au sitauzoea. Lakini upweke huo ni wangu. Huo usinifulie.

Mamaako,
Zuhura